Kaka, kuhusu ile bahasha ya siku ya mazishi

Kaka yangu mpendwa,

Nakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu hupokei, na kwa sababu ulilolifanya siku tulipomzika Baba ulilifanya mbele ya watu na kipaza sauti mkononi. Shangazi amenisihi ninyamaze hadi machungu yapoe, nami nimemheshimu kadiri nilivyoweza.

Kisa cha mlolongo, ule uchaguzi wa Kenya wa kupanga mstari nyuma ya mgombea badala ya kura ya siri, unakijua kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyekuwa naye. Mwaka 1988 Baba alijipanga nyuma ya yule mwalimu aliyegombea, mstari ukavuka uzio wa shule, na jioni ikatangazwa kwamba aliyekuwa na mstari mfupi ndiye aliyeshinda. Ni wewe uliyetusimulia jinsi chifu alivyomwuliza kama amechoka kulima shamba lake, naye akajibu kwa upole kwamba suala hilo alikwisha kulimaliza kwenye sala ya alfajiri. Baba hakuwa mwanasiasa. Alikuwa na kadi ya KANU, chama pekee kilichoruhusiwa wakati huo, kama watu wote. Lakini kila siku kabla ya jogoo kuwika alikaa gizani akijihoji: jana nimemwogopa nani, nimemdanganya nani, nimemchukia nani. Mtu aliyejizoeza maswali hayo kwa miaka mingi hababaishwi na chifu.

Wala hakuwa peke yake. Askofu Alexander Muge wa Eldoret alionywa hadharani na waziri kwamba akikanyaga Busia hatatoka hai. Alikwenda, na Agosti 1990 akafa katika ajali ya barabarani akirudi. Mfumo wa chama kimoja ulifutwa katika katiba Desemba 1991, lakini vijana waliofungwa kwa ajili ya siasa walibaki gerezani, kwa kuwa sheria ilibadilika ilhali hofu haikuondoka. Ndipo Februari 1992 mama zao, wakiwa na Wangari Maathai, walipoanza mgomo wa kula katika bustani ya Uhuru. Polisi waliwapiga, baadhi yao wakavua nguo kama laana, kisha wakahamia Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, wakakaa humo takriban mwaka mzima wakiimba na kusali hadi wengi wa wana wao wakaachiliwa. Sidhani kwamba wanawake wale walizaliwa na ujasiri kuliko mimi na wewe. Naamini kufunga na kusali kuliwapunguzia, siku baada ya siku, vitu ambavyo serikali ingeweza kuwatishia navyo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Jeneza lilikuwa mbele yetu, mchungaji hajamaliza somo, nawe mzee wa kanisa ukamkatiza ili mheshimiwa "asalimie waombolezaji". Alisalimia kwa karibu saa nzima. Alituhesabia barabara zake, akawatukana wapinzani wake, kisha akatoa bahasha ya kaki na kuiweka juu ya jeneza, juu ya kitambaa alichokifuma Mama. Wewe ukaifungua, ukazihesabu noti kwa sauti, ukaomba watu wapige makofi. Walipiga.

Kaka, mwaka 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, uliwaficha majirani ghalani kwa siku kadhaa, nyuma ya magunia ya mahindi, na vijana walipokuja na mapanga uliwakabili mlangoni mikono mitupu. Hukuwauliza wale majirani walimpigia nani kura. Nilijivunia kuwa mdogo wako, na hadi leo nawasimulia wanangu. Kwa hiyo usiniambie kwamba siasa ni uchafu na kwamba kazi yako ni kuwaombea viongozi tu. Aliyesimama mlangoni usiku ule alikuwa mcha Mungu yuleyule, na alikuwa ameukomboa moyo wake kutoka katika chuki. Bahasha nayo inadai moyo uliokombolewa, pengine zaidi, kwa kuwa panga unaliona likija. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliukataa mchango ambao rais aliutoa katika kanisa la Soweto jijini humo, na sikusikia kwamba ibada ilikwama. Anayekula bahasha leo atamdai nini mbunge wake kesho dawa zikikosekana zahanati?

Nasikia inasemwa nyumbani kwamba niliondoka bila kula kwa kiburi cha mtu wa mjini. Niliweka udongo kaburini kama watoto wengine wa Baba, nikamuaga Mama, nikaondoka. Ningeketi kwenye hema lile ningeufungua mdomo, na Mama angezika mume na kusikiliza wanawe wakigombana siku hiyohiyo. Nilichagua kumwepusha na hilo, na ingetokea tena ningeondoka vilevile. Mtu aniite anavyotaka.

Kadi ya harambee ya paa la kanisa imenifikia. Picha ya mgeni rasmi ni ya mheshimiwa yuleyule, na uchaguzi wa 2027 unakaribia. Mabati ya upande wa madhabahu nitayanunua mimi na fundi nitamlipa mimi, ila jina langu uliondoe kwenye kadi hiyo kabla haijachapishwa zaidi.

Mdogo wako