Wanaosafiri Balkani kwa fedha kidogo wapunguze mipaka

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nichangie makala mliyochapisha hivi karibuni kuhusu vijana wanaozunguka nchi za Balkani kwa makundi, begi mgongoni na fedha za kuhesabu. Mwandishi alisema kweli kwamba upande huo wa Ulaya ungali nafuu kuliko Ufaransa au Italia. Nisichokubaliana naye ni ratiba aliyoipendekeza, ya kulala usiku mmoja au miwili katika kila nchi kisha kuhamia nyingine, ili mtu arudi na mihuri mingi katika pasipoti. Ratiba ya namna hiyo ndiyo inayomaliza fedha upesi kuliko kitu kingine chochote, nami nasema hivyo kwa kuwa nimezunguka huko na marafiki zangu, baadhi yao wakiwa wamejinyima kwa muda mrefu ili wapate nauli.

Tuanze na fedha yenyewe. Kroatia ilianza kutumia yuro tarehe 1 Januari 2023, na Montenegro na Kosovo zinaitumia pia ingawa hazimo katika Umoja wa Ulaya. Serbia ina dinari zake, Albania ina lek, Makedonia Kaskazini ina denari, na Bosnia na Herzegovina ina marka yake, ambayo ukitoka nayo nje ya nchi hiyo utapata taabu kumpata mtu wa kukubadilishia. Kundi linalovuka nchi tano kwa siku chache hulipa ada ya mashine ya kutolea fedha katika kila nchi, hubaki na noti zisizo na kazi, na hununua chakula cha kituoni kwa bei mbaya kwa sababu tu halijapata muda wa kujua wenyeji wananunua wapi mikate.

Usafiri nao una gharama zilizojificha. Reli haisaidii sana anayevuka mipaka: Dubrovnik, mji wa pwani ya Kroatia, haina kituo cha treni, na hakuna treni ya abiria inayoingia Albania kutoka nchi jirani. Kwa hiyo msafiri hutegemea basi, na bei iliyoandikwa kwenye tiketi si yote atakayolipa. Katika vituo vingi vya Bosnia, Serbia na Montenegro, kondakta husimama kando ya buti la basi likiwa wazi, sarafu zimejaa kiganjani, na kila anayeingiza begi hulipa kivyake ndipo abandikiwe kijikaratasi. Fedha hiyo ni ndogo kwa begi moja, lakini hulipwa upya kila mnapohama, na asiye na sarafu za nchi husika hubaki amesimama pale akiomba wenzake wamwokoe. Mpakani pasipoti hukusanywa, basi huzimwa, na saa za mchana huyeyuka barabarani. Safari moja ya treni ningemshauri kila mtu aifanye hata kama bajeti imebana, nayo ni ile ya Belgrade, mji mkuu wa Serbia, hadi Bar katika pwani ya Montenegro. Reli hiyo ya kilomita 476, iliyokamilika mwaka 1976, hupita katika mahandaki zaidi ya 250 na juu ya daraja la Mala Rijeka lenye kimo cha takriban mita 200, na mwenye subira ya kukaa dirishani kutwa nzima hupata mandhari ambayo hakuna anayemtoza senti kwa kuyatazama.

Jambo ambalo makala haikuligusa kabisa ni viza, na kwa msomaji mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki hilo ndilo la kwanza. Kroatia imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja bila ukaguzi wa mipaka kati yao, tangu Januari 2023, na Bulgaria na Romania zilifunguliwa mipaka ya nchi kavu Januari 2025. Serbia, Bosnia, Montenegro, Albania, Kosovo na Makedonia Kaskazini ziko nje ya eneo hilo, lakini kwa kawaida humruhusu mgeni mwenye viza halali ya Schengen ya kuingia mara nyingi akae kwa muda bila kuomba viza nyingine, kila nchi kwa masharti yake ambayo yafaa yasomwe katika tovuti ya serikali kabla ya kukata tiketi. Mwenye viza ya kuingia mara moja tu akitoka Dubrovnik kwenda kuona daraja la Mostar, nchini Bosnia, viza yake imekwisha kazi, wala hataruhusiwa kurudi jioni kwenye hosteli aliyoacha nguo zake. Afadhali sasa lipo daraja la Pelješac, lililofunguliwa Julai 2022, kwa sababu zamani hata anayetoka Split, mji mwingine wa Kroatia, kwenda Dubrovnik kwa barabara ya pwani alilazimika kupita katika kipande cha ardhi ya Bosnia pale Neum. Suala la Kosovo ni zito zaidi. Serbia huihesabu Kosovo kuwa sehemu yake na haitambui uhuru uliotangazwa huko Februari 2008, kwa hiyo mtu aliyeingia Kosovo kupitia Albania au Makedonia Kaskazini kisha akajaribu kuvuka moja kwa moja kwenda Serbia anaweza kurudishwa, kwa kuwa machoni mwa askari wa Serbia ameingia nchini mwao bila muhuri. Kundi zima likirudishwa mpakani usiku, nauli na malazi yaliyokwisha kulipiwa vimepotea.

Kinyume cha mbio hizo nilikiona kaskazini mwa Albania. Sisi tuliacha mabegi makubwa katika nyumba ya wageni mjini Shkodër, tukabeba vitu vya siku chache, tukachukuliwa na basi dogo kabla ya jua kuchomoza hadi ziwa Koman. Kivuko hupita kwa saa kadhaa kati ya kuta za miamba zilizobanana kiasi kwamba mbele yako huoni njia mpaka chombo kikate kona. Kutoka kijiji cha Valbona hadi kile cha Theth ni mwendo wa siku nzima kwa miguu, ukipanda njia ya mlimani hadi karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na malipo ya usiku huko hujumuisha kitanda, chakula cha jioni na kifungua kinywa. Mama mwenye nyumba alipoona viatu vyetu vimelowa, alivipanga kuzunguka jiko la kuni, ndimi za viatu amezivuta nje zikauke, kabla hajatuuliza majina. Mezani palikuwa na jibini ya nyumbani kwake, mkate wa mahindi, maharage na pilipili za kukaanga, na hakuna kilichonunuliwa mbali. Tulipomwambia kwamba tungependa kukaa zaidi, alitupunguzia bei bila kuombwa, na siku iliyofuata tukapata nafasi ya kwenda kuuona mnara wa mawe ambamo zamani wanaume waliotishiwa na kisasi cha damu walijifungia hadi pande mbili zipatanishwe. Waliofika jioni na kuondoka alfajiri walilipa bei kamili na hawakuuona. Angalizo moja tu: mtu asiende kule bila fedha taslimu za kutosha.

Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, nayo haifai kupitwa mbio. Mji huo ulizingirwa wakati wa vita vya Bosnia, tangu Aprili 1992 hadi Februari 1996, na mahali makombora yaliposhuka na kuua watu barabarani pamejazwa utomvu mwekundu, alama ambazo mgeni mwenye haraka huzikanyaga bila kujua amekanyaga nini. Huwa wapo wenyeji waliokuwa watoto wakati wa kuzingirwa ambao huwatembeza wageni kwa malipo ya hiari. Hapo ndipo sikubaliani hata kidogo na wanaojisifu kwamba walimsikiliza mtu akieleza jinsi alivyoteka maji chini ya risasi, kisha wakaondoka kimyakimya kabla kofia haijapitishwa. Mkitaka kubana, baneni kwingine. Katika soko kongwe la Baščaršija sahani ya ćevapi, yaani vipande vya nyama ya kusaga iliyochomwa, pamoja na mkate bapa uitwao somun hushibisha, nyama ni halali katika migahawa mingi ya pale, na maji ya kunywa hutoka bure katika bomba za zamani. Wanaopenda kupanda milima inayouzunguka mji wafuate njia zenye alama peke yake, kwa sababu Bosnia ingali na maeneo yenye mabomu ya ardhini yaliyotegwa wakati wa vita.

Nirudi kwa marafiki wenyewe, maana makala ilizungumza kana kwamba wote wana mfuko sawa. Sisi tulichanga kiasi kilekile kila mmoja, mwenzetu mmoja akashika fedha na daftari, na nyumba, nauli na chakula cha kupika vikalipwa humo. Kwa watu wanne, kupanga fleti kwa siku kadhaa na kupika wenyewe mara nyingi huwa nafuu kuliko vitanda vinne vya hosteli, lakini hilo haliwezekani kwa wanaohama kila siku. Hata hivyo daftari halioni kila kitu. Kule Kotor, mji wa pwani ya Montenegro, kwenye ngome yenye ngazi zaidi ya 1,300, mwenzetu mmoja alisema miguu inamuuma na kwamba angetungoja chini, na baadaye sana ndipo tulipong'amua kwamba kiingilio kilikuwa kimemzidi na aliona haya kusema. Tangu hapo tulikubaliana kwamba kila asubuhi mwenye fedha kidogo kuliko wote ndiye atakayetaja kiwango cha siku, na anayetaka zaidi ajilipie bila kulazimisha wenzake. Napendekeza kwa dhati kila kundi likubaliane hivyo kabla ya kuondoka nyumbani.

Mkirudia mada hii, Mhariri, nawaomba mwaonyeshe wasomaji ratiba ya nchi tatu tu: kuingia kwa Tirana, mji mkuu wa Albania, kukaa Shkodër na milimani, kupanda basi hadi Kotor, kisha Mostar, na kumalizia kwa treni fupi inayopanda bonde la mto Neretva hadi Sarajevo. Nchi zote tatu ziko nje ya Schengen, fedha ni za aina tatu peke yake, na laini moja ya simu iliyosajiliwa Albania hutumika kote bila ada ya ziada ya kuvuka mpaka, kwa mujibu wa makubaliano ya nchi sita za Balkani Magharibi yaliyoanza Julai 2021. Kijana anayeuza vitu vyake ili aone dunia anastahili kupewa hesabu hiyo mapema.

Ni mimi msomaji wenu.