Barua kutoka melini

Mwanangu Veronika,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua siku hizi huitikii, kwa hiyo nimejiitikia mwenyewe: milele, amina.

Mama yako amelala. Meli imeng'oa nanga Malta jioni hii, keshokutwa asubuhi tutashuka Civitavecchia, bandari ya karibu na Roma. Zawadi yako ya safari hii tumeipokea kwa mikono miwili, ingawa siku ya kwanza niliona haya. Chakula kile! Watu wanajaza sahani, wanaonja, wanaacha. Nilikumbuka Kwaresima za nyumbani, na mama yako akanikanyaga mguu chini ya meza, maana aliona nataka kuhutubia.

Jumapili ilitukuta baharini. Karatasi ya ratiba ilikuwa na yoga, bingo, mnada wa picha, hata darasa la kukunja leso. Misa haikuwemo. Tukasali rozari chumbani, mama yako akasinzia fumbo la tatu. Kesho yake kijana Mfilipino anayetutandikia vitanda, yule anayekunja taulo likawa tembo, akatuuliza kwa sauti ya chini kama sisi ni Wakatoliki. Rozari ilikuwa imebaki juu ya mto. Akasema kuna padre miongoni mwa abiria, yuko likizo, naye ameruhusiwa ukumbi mdogo saa tano na nusu usiku, wafanyakazi wakishamaliza zamu. Ilikuwa Jumatatu, lakini kwao Jumapili ni siku yoyote wanayopata nafasi.

Walikuja wapishi na aproni zao zenye madoa, mabinti wa mapokezi wamevua viatu mlangoni miguu imewavimba. Wagoa wawili walisoma masomo kwa lafudhi iliyonirudisha Tanga ya utoto wangu. Mmoja alisinzia wakati wa mahubiri, na padre akashusha sauti asimwamshe. Juu yetu disko lilikuwa linagonga dari. Hapo niliona haya mara ya pili: hawa ndio wanaoondoa sahani zile.

Leo Valletta tumeingia katika kanisa la Mtakatifu Paulo, lile la kukumbuka kuvunjikiwa kwake na meli. Wazee walikuwa wanasali Baba Yetu kwa Kimalta, na ghafla nikasikia “smewwiet”, yaani mbingu. Samawati! Mungu wanamwita Alla, na Kwaresima wanaiita Randan. Wakatoliki kabisa hao, mwanangu. Nikimsimulia jirani yetu Mzee Hamisi, atacheka mpaka kofia imdondoke.

Nje nikakaa kwenye benchi nikafungua Matendo ya Mitume, sura ya 27. Miaka yote ya ukatekista niliisoma kama hadithi ya dhoruba: usiku 14 wa kuyumbishwa, nanga nne zikatupwa za tezi, nyuma ya meli, watu wakiomba kupambazuke. Leo macho yangu yaliganda penye hesabu. Watu 276. Mabaharia, askari, wafungwa. Waliomjua Kristo ukiwahesabu, Paulo, Aristarko na huyo aliyeandika, vidole vya mkono mmoja vinatosha. Lakini malaika alimwambia Paulo kwamba Mungu amempa wote wanaosafiri pamoja naye. Hakuuliza nani amesali. Na wote walifika pwani, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao.

Nilikaa pale mpaka mama yako akaja kunitafuta.

Siku uliyonipigia simu ukasema umeacha kwenda kanisani, nilikujibu maneno mawili matatu ya hasira nikakata. Mimi, niliyekaa na watoto wa watu miaka hiyo yote nikiwaambia waulize lolote, wangu mwenyewe sikumuuliza hata sababu. Nisamehe kwa hilo.

Ijumaa tukifika kwako, kama utapenda, niambie. Nitasikiliza. Nikianza kuhutubia, mama yako atakuwa na mguu wake tayari chini ya meza.

Baba yako