Msamaria Mwema na zile dinari mbili

Mhariri, pole na kazi. Naona wasomaji wenu wanabishana eti wasomi wa Biblia wanaua imani, nami naomba nichangie kidogo.

Chukueni mfano wa Yesu wa Msamaria Mwema, Luka 10: mtu anashuka toka Yerusalemu kwenda Yeriko, anapigwa na wanyang'anyi, kuhani anampita, ila Msamaria anamsaidia na kumwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili amtunze. Kuna mahubiri yanazunguka WhatsApp kwamba zile dinari mbili ni miaka 2000 halafu Yesu anarudi, watu wanajibu amina tu. Jamani, kusoma hivi hakujaanza leo. Origen wa Alexandria, mwalimu wa Kanisa la kale, karne ya 3, alishafundisha kuwa aliyepigwa ni Adamu, Yerusalemu ni paradiso, Yeriko ni dunia, Msamaria ni Kristo na nyumba ya wageni ni Kanisa, akaja askofu Agustino akaongeza kuwa mwenye nyumba ni mtume Paulo (Paulo, ambaye wakati huo hata hajaongoka!). Siwacheki, walimtafuta Kristo kila mstari na kwenye ibada inajenga, ila njia hiyo haina breki, kila mtu anapachika lake.

Ndo maana mwishoni mwa karne ya 19 msomi wa Biblia Mjerumani, Adolf Jülicher, akasema mfano wa Yesu una hoja moja kuu, tuache kugeuza kila kitu fumbo. Wasomi wanaosoma Biblia kwa njia ya historia wao wanauliza vitu vya kawaida tu, dinari ilikuwa nini? Ujira wa kibarua kwa siku, someni Mathayo 20, kwahiyo jamaa kaacha hela ya vibarua vya siku mbili, basi. Na Wayahudi na Wasamaria walikuwa hawaivi, Yohane Hirkano, mtawala wa Wayahudi, alishabomoa hekalu la Wasamaria kwenye mlima Gerizimu zaidi ya miaka 100 kabla ya Yesu. Ukishajua hilo unaelewa kwanini mwanasheria aliyeulizwa na Yesu nani alikuwa jirani wa aliyepigwa hata jina Msamaria hakulitaja, kajibu tu ni huyo aliyemwonea huruma.

Ila na wasomi nao wanateleza. Wengine wanamtetea kuhani kwamba aliogopa maiti imtie unajisi akashindwa kuhudumu hekaluni, wakati Luka kasema alikuwa anashuka, na Yeriko iko chini ya Yerusalemu kama mita 1000, sasa huyo si anatoka huko hekaluni tayari? Hapo wanaofuatilia hadithi yenyewe jinsi ilivyosimuliwa wanawashinda wa historia.

Mimi naanza na historia, mafumbo baadaye. Hata Tume ya Kipapa ya Biblia mwaka 1993 ilisema njia ya historia haikwepeki, ila haitoshi peke yake. Ukurasa wenu wa dini uwape nafasi walimu wa vyuo vya teolojia, sio wahubiri tu kila wiki.

Msomaji wenu,
Morogoro