Barua kwa mwanangu, kabla hujamaliza kuilipia boti

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, Alhamdulillah. Mjomba wako kapita hapa akitoka Nungwi, kaniambia umeshampa fundi arubuni ya boti ya kutembeza wageni, na iliyobaki utamaliza kwa mkopo. Usingizi umeniruka. Si kwamba sikuamini. Hapa Jambiani hakuna ambaye sijamweleza unavyozungumza Kitaliano na wageni pale hotelini. Ninachotaka kujua ni kimoja: hao wageni umewauliza?

Usiniambie rafiki zako wamesema boti itapata watu. Rafiki zako hawatakulipa. Wala usinitajie wageni waliosema ni wazo zuri. Mgeni ana adabu zake, ukimuuliza kama angependa kwenda kutazama samaki atasema ndiyo, na kesho humwoni. Muulize ya jana. Jana ulikwenda wapi, nani alikupeleka, ulilipa kiasi gani, kitu gani kilikuudhi? Hapo atakwambia yaliyotokea. Na usimtajie bei yako hapo hapo, maana akihisi unamuuzia atakujibu kama anavyowajibu mapapasi, wale vijana wanaowaandama wageni ufukweni.

Halafu fikiria maji. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, yanakupwa saa nne asubuhi, mgeni anamaliza chai yake anakuta bahari imekwenda mwambani. Boti yako itakuwa imelala mchangani. Saa hizo sisi tuko kwenye mwani, na wageni wanatufuata huko huko. Juzi alikuja mama wa Kijerumani na binti yake, wakakaa nami mpaka maji yakaanza kujaa. Yule binti alikuwa akifunga tai-tai, vile vikamba vya kushikia mwani, kwenye kamba, vidole vimeparara kwa chumvi, na kuacha hataki. Mama yake akaniuliza ni nani anayewatembeza watu huku, yeye yuko tayari kulipa. Sikuwa na jina la kumpa. Sisemi biashara yako iwe hiyo, watu wawili si wageni wote. Lakini wewe mwenye lugha, ungekaa na watu ishirini wa namna hiyo ungejua mengi kuliko mimi.

Nunua daftari, la shule linatosha. Kila anayekuuliza habari za matembezi andika katoka nchi gani, yuko na nani, kauliza nini kwa maneno yake mwenyewe, na habari kazipata wapi. Usiandike walionunua tu. Aliyesikia bei akaondoka, huyo ndiye wa kumtafuta umuulize. Waulize na madereva, wao ndio wanaosikia malalamiko njiani kwenda uwanja wa ndege. Kasome wageni wanavyoandika Google na TripAdvisor kuhusu boti za wenzako, hasa waliotoa nyota tatu. Hao hueleza kilichowafurahisha na kilichowakera pia. Na usiwahesabu wageni wa Agosti ukadhani mwaka mzima uko hivyo. Masika ya Aprili na Mei hoteli nyingine zinafunga kabisa, na mkopo utadaiwa miezi hiyo pia.

Umewauliza, mwanangu? Mwambie fundi asubiri kidogo. Kodi ngalawa ya baba yako mdogo, peleka watu kwa bei yako ya kweli, usiwapeleke bure, uone kama watakuletea wenzao. Ukishajua, nunua boti yako, na mimi nitapanda siku ya kwanza. Ila kunificha hukufanya vizuri. Habari kama hii ya kuisikia kwa mjomba?

Paa la jikoni linavuja. Makuti nimeshaagiza, bado pesa ya fundi. Bibi yako dawa ya presha imebaki ya wiki hii tu, na ile ya mara iliyopita ilikuwa siyo, soma boksi kabla hujalipa. Ukija Ijumaa pitia Darajani umchukulie mdogo wako kitambaa cha sare, mita mbili na nusu, kafutuka huyu mtoto, ya mwaka jana haimwingii tena.

Mama yako