Kakao Yako Imefika Ziwani

Nyegezi, Mwanza

Mwalimu mwenzangu, rafiki yangu wa chumba kimoja,

Salamu nyingi kutoka kwetu huku kwa watu wa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kama ulivyozoea kuniita chuoni. Hatujambo wote. Kulwa na Doto wamekua, sare za Januari zimeshawabana. Baba yao anakusalimu. Mama anaendeleaje na mguu wake?

Mzigo niliupokea stendi Jumamosi asubuhi, na mchele wa Kyela tuliupika siku hiyohiyo. Ila kile kifuko cha kakao ulichokifukia katikati ya mchele ndicho kilichonikalisha chini niandike, maana kwenye simu tungeishia kuulizana habari za watu.

Unakumbuka ulivyoniambia kwamba watoto wa darasani kwako wanawasaidia wazazi kuvuna kakao, kuivundika na kuianika, lakini wengi hawajawahi kuonja chokoleti? Neno hilo lilinikaa moyoni. Nikasema lazima nijaribu kuitengeneza jikoni kwangu, tena niioanishe na karanga zetu, nione kama inawezekana bila mashine ya kiwandani. Inawezekana. Na kilichonishangaza zaidi ni kwamba kazi yenyewe niliijua tangu utotoni.

Kakao inakwenda hatua kwa hatua kama karanga. Unaikaanga kavu kwenye sufuria nzito kwa moto mdogo, unageuza bila kuchoka. Baada ya kama nusu saa punje zinaanza kulia, pa! pa!, na nyumba nzima inanukia keki. Ikipoa unamenya, unapepeta kwenye ungo, maganda yanaruka. Halafu unasaga. Mwanzoni ni unga, kisha donge, kisha ghafla inalainika na kung'aa yenyewe, bila tone la maji. Nilisimama nikaitazama. Mama alikuwa akitwanga karanga za kutia kwenye michembe, nami nikingoja dakika ileile mafuta yanapojitokeza kinuni. Sababu ni moja: karanga karibu nusu yake ni mafuta, na kakao hali kadhalika. Ndiyo maana zinapendana.

Sasa nikupe vipimo, maana najua utauliza.

Anza na karanga, na hapo nakuomba usifanye haraka. Chambua punje moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, tupa, usiionee huruma. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haimalizwi na moto wa kukaanga. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu Dodoma na Manyara, na mimi tangu hapo siwalishi wanangu karanga nisiyoichambua. Zikishakaangwa na kumenywa, saga ziwe laini. Chukua gramu 400 za siagi hiyo, changanya na gramu 250 za biskuti za kawaida zilizopondwa, vijiko vinne vikubwa vya asali na chumvi kidogo. Chumvi usiisahau, bila hiyo ladha inalala. Shindilia kwenye trei uliyoitandika karatasi ya kuokea (yangu ina sentimita 20 kwa 30), weka kwenye friza.

Tabaka la juu ni kakao yako: gramu 250 za kakao iliyosagwa, gramu 150 za sukari uliyoisaga ikawa vumbi, vijiko vitatu vya maziwa ya unga na vijiko vitatu vya mafuta ya nazi. Weka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, koroga mpaka vyote vishikane. Maji yasiingie. Hata mvuke ukidondokea humo, chokoleti inakamata na kuwa vidonge vidonge, na ndiyo maana tunatumia maziwa ya unga, si ya maji. Mafuta ya nazi yanaipunguzia ugumu ili isivunjikevunjike ukikata. Mimina juu ya karanga, sawazisha, rudisha kwenye friza kwa muda wa saa tatu au nne. Usipopata muda wa kukaanga kakao, gramu 300 za chokoleti nyeusi ya dukani na vijiko viwili vya mafuta ya nazi zinatosha, lakini nisikufiche, si sawa na hii.

Utauliza kwa nini friza, kwa nini isiwe ya kuliwa mezani kama kashata. Mafuta ya kakao yanayeyuka kwenye nyuzi kama 34, na ya nazi kwenye nyuzi kama 24 tu. Mchana wa Mwanza, hata huku kwenye upepo wa ziwa, chokoleti ya nyumbani inalegea na kufanya utando mweupe juu. Viwandani wanaipasha na kuipoza kwa vipimo maalumu ili ikae imara. Sisi kazi hiyo tunaiachia friza. Na karanga kwa sababu ya mafuta yake na asali haigandi ikawa jiwe: unauma juu panavunjika, chini panalainika. Kyela kwenu joto ni kali zaidi, kwa hiyo toa vipande vya kuliwa tu. Kisu kichovye kwenye maji ya moto, kifute kikauke, ndipo ukate. Mimi napata vipande 24.

Jambo moja limeniumiza. Trei ya kwanza niliiweka wazi kwenye friza lilelile la sato na sangara. Unajua nyumba za huku, friza bila samaki ni la mgeni. Kesho yake chokoleti ilikuwa inanukia samaki, maana mafuta hunywa harufu ya jirani yake upesi. Kakao iliyotoka kwako mpaka hapa, kazi ya siku nzima! Nililia kweli. Kwa hiyo wewe mwenye dagaa na samaki wa Nyasa, funika kwa foili kisha uweke kwenye chombo chenye mfuniko unaobana. Na umeme ukikatika usifungue fungue. Friza lililojaa na kufungwa linatunza ubaridi hata siku mbili, lililo nusu ni kama siku moja. Mimi nafasi zilizo wazi nazijaza chupa za maji.

Trei ya pili ilitoka salama. Mdomoni ina mchanga kidogo, blenda yangu haiwezi kusaga kama viwandani, lakini ladha ni ya kina, ina uchachu kidogo wa matunda ambao sijawahi kuukuta kwenye chokoleti ya duka. Doto alikula kipande chake akanyamaza, akauliza, "Hii inatoka kwa mama mkubwa wa Kyela?" Nikamwambia ndiyo, inaota huko juu ya miti. Hakuniamini mpaka nilipomwonyesha punje mbili nilizokuwa nimezibakiza.

Vipande vyenyewe siwezi kukutumia, basi halina friza. Nakutumia karanga mbichi kilo tano za Shinyanga, nimezichambua mwenyewe usiku mbili. Jirani yako mwenye duka la soda atakupa nafasi kwenye friza lake ukimwonjesha. Wafanyie watoto wa darasani, hata kipande kidogo kidogo, halafu uniandikie walisema nini, maneno yao yenyewe. Na kakao ikikauka vizuri msimu huu, nifukie tena kilo mbili kwenye mchele.

Ni mimi wako,
Mama Kulwa