Taarifa ya mwenyekiti wa chama chetu cha Watanzania wa Bielefeld, Ujerumani, kwa wanachama, mwaka 2025: mwaka wa akina Meier

Ndugu wanachama, wazee wetu, kaka na dada, na nyie mashemeji mnaosomewa hii na wake zenu, habari za masiku.

Kwanza mnisamehe taarifa imechelewa, katiba yetu inataka wiki mbili kabla ya mkutano mkuu na mi naileta zimebaki siku tano, mambo ya zamu za usiku hayo mnayajua. Ya kawaida nayapitisha haraka: vikao vyote vya mwaka vimefanyika, misiba tulichanga, arusi moja tulicheza mpaka majirani wakagonga ukuta, darasa la Kiswahili la watoto Jumamosi linaenda ingawa walimu wamebaki wawili tu na wamechoka, hela zipo na mweka hazina atasoma mwenyewe. Kilichobaki ni lile sakata la ada, na hilo nalieleza kirefu sababu ndo limezaa kila kitu kingine tulichofanya mwaka huu.

Mnakumbuka mwezi wa 3 dada yetu mmoja aliandikiwa barua kwamba hajalipa ada mwaka mzima. Akawaka kwenye grupu, na alikuwa na haki maana risiti za benki anazo zote mpaka senti ya mwisho. Nikaenda kwa mweka hazina jioni, tukakaa jikoni kwake na chai ya tangawizi, tukatandaza makaratasi ya benki mezani na orodha ya wanachama pembeni. Ilituchukua saa nzima kuona. Kumbe kwa ndoa za kizungu tuna Meyer wa e-y, Meier wa e-i, Maier wa a-i na Mayer wa a-y, familia nne tofauti, hakuna hata moja yenye undugu na nyingine, na ukiyatamka yote ni "maia" tu. Hela ya e-y ilikuwa inaingia kwa a-y, ya a-y inaonekana kama ni ya mtu amelipa mara mbili, na mwenye e-y ndo kaonekana mdaiwa sugu. Na aliyemsomea mweka hazina majina yale kwa simu alikuwa mimi, "andika Maia, halafu Maia mwingine". Kwahiyo kosa ni langu, dada nilishamwomba radhi uso kwa uso na hapa narudia mbele ya wote.

Sasa shemeji yetu wa e-i, mtu wa Lippe kabisa, eneo la hapa jirani, alicheka mpaka akatoa miwani afute machozi. Akasema hii ni shida ya nchi nzima, ndo maana mtu wa jina hilo akipiga simu popote huanza kwa kuspeli, na kama tunataka kuelewa limetoka wapi basi safari ya mwaka twende Detmold kwenye makumbusho ya wazi, sio mbali na sisi huku Bielefeld. Tukaenda. Waliokosa wamekosa kweli. Ni nyumba za wakulima wa zamani wa Westfalen, mkoa wetu huu, zimebomolewa zilikokuwa zikajengwa upya hapo, na kuna boma zima la Meier wa Lippe. Ule mlango wa mbele ni mkubwa mpaka mkokoteni uliojaa nyasi unapita, ukiingia ni ukumbi mrefu wenye giza, ng'ombe wanakaa upande huu farasi upande ule, na mwisho kabisa ndo moto wa jikoni na watu wenyewe. Mama yetu mmoja wa Bukoba akasimama katikati, akaangalia juu, akaangalia pembeni zinapofungwa ng'ombe, akasema "sasa hii si mushonge hii, tofauti hawa wana pembe nne." Tulicheka ila alikuwa sahihi, mushonge, ile nyumba ya duara ya Wahaya, nao watu na ng'ombe walilala humohumo.

Basi jina. Neno lenyewe halikuanzia kwenye Kijerumani, ni Kilatini, maior, yaani mkubwa zaidi. Na ndugu zake mnawajua, meja wa jeshini na meya wa jiji wametoka tumbo hilohilo, wao wamefika kwetu kupitia Kiingereza. Zamani kwa wafalme wa Wafranki kulikuwa na maior domus, mkubwa wa nyumba ya mfalme, Wajerumani wakamwita Hausmeier, na hawa wakubwa wa nyumba walipata nguvu mpaka mwaka 751 mmoja wao, Pippin, akamweka mfalme pembeni akakaa yeye. Msimamizi kapindua mwenye nyumba! Lakini akina Meier wetu hawatoki kwa huyo, wanatoka kwa wadogo wake wa vijijini.

Ilikuwa hivi. Askofu au monasteri au bwana mkubwa ana ardhi vijiji kumi, hawezi kuwa kote, anaweka mtu kwenye shamba kuu asimamie: nani kaja siku zake za kazi ya lazima, nani kaleta nafaka, nani anadaiwa kuku na mayai. Huyo ndo Meier. Wengine mtasema ni nyapara, na ni sawa, ila mi nadhani neno la karibu zaidi kwetu ni akida. Akida wa enzi za Wajerumani naye hakuwa mwenye nchi wala hakuwa mtu wa kawaida, alikuwa katikati, anakusanya kodi kwa niaba ya mkubwa aliye mbali na kijijini wanamwogopa kuliko mkubwa mwenyewe. Na jina lingine la Kijerumani, Schulze au Schulz, asili yake Schultheiß, mtu wa kuamrisha madeni yalipwe, mkuu wa kijiji, huyo mi namwita jumbe. Kwahiyo mtaani kwetu tunaishi na maakida na majumbe kila ghorofa, angalieni tu kwenye visanduku vya barua.

Kuanzia karne ya 12 na 13 mabwana wakaona huu mpango hauwalipi, Meier mwenyewe kanenepa, wakageuza: chukua shamba kuu, lima, nilipe mimi pango. Hapo Meier akawa mpangaji mkubwa wa shamba, na huku kaskazini, hasa jimbo la Niedersachsen, ikatengenezwa sheria yake kabisa, shamba la Meier haligawanywi, linakwenda zima kwa mrithi mmoja, wengine wakatafute maisha. Wazee wa Bukoba mtanielewa nikisema nyarubanja, sio kitu kilekile lakini harufu ile ile ya mtu kulima na mwingine kudai haki yake juu ya ardhi, yetu serikali iliifuta miaka ya 1960. Toka hapo Meier likawa na maana ya mkulima mkubwa wa kijiji. Hata pakiti ya maziwa ya kule Schleswig-Holstein ikiandikwa Meierei ni mtoto wa neno hilihili.

Halafu hii nimeipenda mimi binafsi. Westfalen na Lippe huku shamba ndo lilikuwa na jina, sio mtu. Mwanaume akioa binti mrithi wa shamba la Meier anahamia kwa mke na anaitwa kwa jina la shamba la mke, na watoto vilevile. Akina kaka mlionisumbua mwaka jana kwamba kuchukua jina la mke ni mambo ya kisasa ya Ulaya, habari ndo hiyo, wakulima wa hapahapa walifanya hivyo mamia ya miaka. Na sababu maakida walikuwa wengi, ikabidi watofautishwe: Niemeyer ni Meier mpya, Ostermeier wa mashariki, Bachmaier wa kwenye kijito, Obermeier wa juu, Niedermeier wa chini. Yule mchora majengo wa Brazil, Oscar Niemeyer, alilipata hilo jina kutoka kwa ukoo wa Kijerumani.

Tahajia je? Padre wa kijiji aliandika alivyosikia, kama mweka hazina wetu. Baba kaandikwa hivi, mtoto vile, hakuna aliyejali, mpaka serikali ya Ujerumani ilipoanzisha ofisi za usajili wa kiraia nchi nzima kuanzia 1876 na jina likagandishwa lilivyokutwa siku hiyo. Ila kuna ramani ndani yake: Meyer wa e-y wamejaa kaskazini, Niedersachsen hasa, Maier wa a-i ni watu wa Baden-Württemberg na Bavaria, Mayer wa a-y kusini na Austria, Mayr bila e ni Bavaria na Austria, na Mair utawakuta mpaka Tirol ya Kusini iliyo Italia leo. Uswisi Meier wa e-i ni kati ya majina ya juu kabisa. Ujerumani kwenyewe Müller ndo wa kwanza na Schmidt wa pili, na Meyer peke yake yumo kumi bora, lakini ukiwakusanya Maia wote bila kujali herufi wanapanda kukaribia hao wawili. Limezoeleka mpaka mtu akitaka kuapa anasema "isipokuwa hivyo niite Meier".

Angalizo moja sababu tuliulizwa na kijana pale Detmold: sio kila Meyer ni akida. Wayahudi wengi walilibeba kutoka jina la Kiebrania Meir, mwenye kuangaza, na hapo dada zetu akina Munira na kaka zetu akina Munir msogee karibu, maana jina lenu la Kiarabu lina maana hiyohiyo. Prussia, dola kubwa ya Kijerumani ya wakati huo, iliwataka Wayahudi wawe na majina ya ukoo ya kudumu mwaka 1812, na wengi walichukua jina la baba lililofanana tayari na la majirani. Golda Meir, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Israel, alikuwa Meyerson kwa mume wake, akalifupisha kulirudisha kwenye Kiebrania mwaka 1956.

Na sisi tumekutana nao zamani. Hans Meyer wa Leipzig, ukoo wa wachapishaji wa ile kamusi kubwa ya elimu, mwaka 1888 alikamatwa na watu wa Abushiri, aliyewapinga Wajerumani kule pwani yetu, akakombolewa kwa fedha, hakukoma, tarehe 6 Oktoba 1889 akafika kilele cha Kibo, Kilimanjaro, pamoja na mpanda milima wa Austria Ludwig Purtscheller, akakipa jina la Kaiser Wilhelm, mfalme wao. Wachaga walikuwa wanaujua mlima wao kabla babu yake hajazaliwa, ila ndo hivyo. Akachukua jiwe la kileleni akampelekea Kaiser, likapachikwa ukutani kwenye jumba la Neues Palais, Potsdam. Kilele tulikirudisha baada ya kujitawala kikaitwa Uhuru, lakini nukta ya juu ya Mawenzi mpaka leo inaitwa kwa jina la Hans Meyer, sijui tunasubiri nini.

Sasa shikeni na hii. Rais wa sasa wa Ujerumani ni Steinmeier, kazaliwa Detmold hapohapo tulipokwenda. Stein ni jiwe. Meier wa penye mawe. Mwezi wa 11 mwaka 2023 alikwenda Songea, kwenye makumbusho ya Majimaji, akaomba msamaha kwa waliyofanya Wajerumani, mbele ya ukoo wa Nduna Songea Mbano, mkuu wa Wangoni waliyemnyonga 1906. Vita vile vya Majimaji vilianza kwa watu wa Matumbi kung'oa pamba mwezi wa 7 mwaka 1905 pale Nandete, na waliowindwa mapema ni maakida. Nilivyomweleza shemeji wa e-i kwamba mwenye jina la akida ndo kaenda kuinamisha kichwa, hakucheka safari hii, alinyamaza akawa anazungusha kikombe chake cha kahawa, baadaye akaniuliza akida anaandikwaje, akaandika kwenye simu.

Turudi kwenye kazi. Toka tarehe 1 Mei 2025 sheria ya majina imelegea, mume na mke wote wawili wanaweza kubeba majina mawili kwa pamoja na watoto pia, zamani ilikuwa mmoja tu ndo anaunganisha. Wenye watoto wenye jina la baba wa kizungu tu na mnataka la kwenu liwemo, muda ndo huu. Ila mjue ofisini watawauliza jina la ukoo, na wengi wetu jina la mwisho kwenye pasi ni la babu mzaa baba tu, sio ukoo, mi mwenyewe nilitumia asubuhi nzima kumweleza mama mmoja wa dirishani kwa nini mimi na dada yangu wa tumbo moja majina ya mwisho hayafanani. Nendeni na vyeti vya kuzaliwa vilivyotafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa, na subira.

Kuhusu ada, kamati imeamua kila mwanachama apewe namba na hiyo namba ndo iandikwe kwenye malipo ya benki, jina peke yake halitakubalika tena hata kama unaitwa Rutashobya na uko peke yako mkoa mzima. Namba zitatumwa kwa imeli wiki hii. Zile hela za e-y na a-y tumeshazihamisha, mweka hazina ataonyesha.

Mwisho, shemeji kanifundisha neno jipya: Vereinsmeier, mtu mwenye wazimu wa vyama na vikao, anasema ndo mimi. Kwahiyo wa tano kwenye orodha amepatikana. Uchaguzi mwaka huu upo, nafasi ya mwenyekiti iko wazi, fomu anazo katibu, na pilau la mkutano naomba safari hii apike mwingine.