Kosa si la mtandao

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa nafasi za masomo huwa naukata kila unapotoka na kuubandika kwenye ubao wa darasa langu hapa Tanga. Wa mara ya mwisho ulikuwa na gesi, uhasibu, tiba ya mifugo, na akili bandia mara tatu. Sina ugomvi na hata moja. Ila ipo taaluma ambayo sijawahi kuiona pale, yaani utafiti wa lugha za programu na usawazishaji wa data, na shangazi yangu amepoteza shilingi 10,000 kwa kukosekana kwake, kwa hiyo naomba nafasi niieleze.

Shangazi yumo kwenye kikoba cha akina mama wa Ngamiani. Mwaka juzi walishawishiwa waache daftari watumie programu ya simu: simu moja kwa mweka hazina, nyingine kwa katibu, na hesabu zote zikutane kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya programu hiyo. Siku moja katibu akaenda msibani Maramba, mahali ambapo simu yake haikushika mtandao kutwa nzima. Shangazi naye alikuwepo msibani, akampa 5,000 yake ya wiki. Akiba yake ilikuwa 50,000, basi simu ya katibu ikaandika 55,000. Saa hizohizo binti wa shangazi, aliyebaki mjini, alikuwa anampelekea mweka hazina 10,000 ya mama yake, na simu ya huko ikaandika 60,000. Jioni, basi lilipokaribia mjini, simu ya katibu ikashika mtandao na kutuma ilichonacho. Seva ikakuta 60,000 ya mchana na 55,000 ya jioni, ikachukua ya jioni. Tanga ni waja leo waondoka leo, tunajua, lakini hatukudhani msemo huo unahusu na akiba za watu.

Kijana aliyewauzia programu alipopigiwa simu alijibu jibu ambalo kila Mtanzania amelisikia dirishani: "Mtandao ulisumbua, mama."

Nafundisha hesabu, na jibu hilo lilinikera kuliko hasara yenyewe. Mtandao ulikatika kama ilivyo desturi yake, kisha ukarudi. Kosa ni la aliyeamua kwamba kusawazisha hesabu mbili maana yake ni kuchagua moja na kuitupa nyingine. Jumla sahihi ilikuwa 65,000, na kila kilichohitajika kuipata kilikuwamo ndani ya simu zile mbili.

Daftari la zamani la kikoba lisingefanya kosa hilo. Katika daftari haiandikwi jumla peke yake, inaandikwa kila iliyopokelewa na aliyeipokea. Sasa mpe kila mpokeaji ukurasa wake, asiguse wa mwenzake. Simu zikikutana, kwa kila ukurasa inachukuliwa nakala iliyoandikwa mbele zaidi, halafu kurasa zinajumlishwa. Ujumbe ukifika mara mbili hauongezi kitu. Ukichelewa siku tatu hauharibu kitu. Simu ipi ilianza kuzungumza haijalishi, mwishoni zote zitasoma namba moja. Haya siyabuni mimi: mwaka 2011 watafiti wa kompyuta Marc Shapiro, Nuno Preguiça, Carlos Baquero na Marek Zawirski walichapisha kazi iliyouwekea mtindo huu misingi ya kihesabu, wakaonyesha ni masharti gani data ikiyatimiza nakala zake haziwezi kuishia kutofautiana.

Mwalimu mwenzangu aliniambia dawa ni kuangalia saa, kwamba aliyeandika mwisho kweli ndiye asikilizwe. Nikamwomba tulinganishe saa za simu zetu mbili pale ofisini. Zilipishana. Mtaalamu wa kompyuta Leslie Lamport alilimaliza suala hili mwaka 1978 alipoeleza namna ya kupanga matukio kwa kufuata nani alipata ujumbe wa nani, bila kutegemea saa ya ukutani. Na hata saa zingelingana, mweka hazina na katibu wote wawili walikuwa wakweli, kwa nini mmoja wao apoteze?

Kutoa fedha ndiko kugumu. Chukulia akiba ni 65,000 na simu mbili haziwasiliani. Kila moja inaona fedha inatosha, kila moja inatoa 40,000. Zikikutana, kikoba kina deni la 15,000 ambalo hakuna aliyelikopa kwa makusudi. Hapa hakuna ujanja wa kurasa utakaosaidia. Ama simu zisubiri zizungumze kwanza, ama zigawane ruhusa mapema, kwamba katibu asivuke 30,000 wala mweka hazina asivuke 35,000 mpaka waonane. Ni lini unalazimika kusubiri, ni lini huna haja, na je, kompyuta inaweza kukutambulia hilo kwa kuisoma programu yako kabla haijaenda kwa akina mama? Kuna watu wanaolipwa mshahara kujibu maswali hayo, na ndio ninaotaka vijana wetu wawe miongoni mwao.

Wanafunzi hushangaa ninapowaambia kwamba majibu mengi hutoka kwa wataalamu wa nadharia ya lugha za programu. Wanadhani lugha ya programu ni ya kujifunza upate kazi, basi. Lakini lugha inaweza kuundwa ikakukatalia kuandika kosa, kama mlango usiofungika ufunguo ukiwa umesahauliwa ndani. Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Benjamin Pierce na wenzake walitengeneza Unison, programu ya kusawazisha mafaili kati ya kompyuta mbili, iliyoandikwa kwa lugha ya OCaml na inayotolewa bure mpaka leo. Kabla ya kujisifia kasi, mwaka 1998 Pierce na Balasubramaniam waliandika makala kueleza kihesabu programu ya namna hiyo inapaswa kufanya nini hasa. Kijana wa kikoba chetu angeanzia hapo, angeokoa 10,000 na heshima yake.

Kundi hilo likaendelea, na mwaka 2005 likatoa kazi ya kile wanachokiita lenzi. Nitaieleza kwa kitu tunachokijua kuliko wao: saa ya Kiswahili. Tuseme rejista ya zahanati iliyo ndani ya kompyuta imehifadhi 08:00, na kioo cha kompyuta kinaonyesha "saa 2". Muuguzi anasahihisha, anaandika "saa 3". Programu irudishe nini kwenye rejista, 09:00 au 21:00? Kwenye kioo asubuhi imedondoka, na haiwezi kupatikana ila kwa kurudi kuitazama rejista ya zamani. Ndiyo maana lenzi ina pande mbili: upande mmoja husoma na kuonyesha, wa pili hurudisha mabadiliko ukiwa umeshika vyote viwili, kilichobadilishwa na chanzo chake. Nazo zina sheria. Usipobadilisha kitu, chanzo kisiguswe. Ukibadilisha kisha ukasoma tena, uone ulichoandika. Sheria zenyewe ni za kuandikwa kwenye kiganja, ila jaribu mfano huu: rejista ina 17:00, yaani saa 11 jioni, na mtu anaiandika "saa 1". Je, ni 19:00 ya jioni hiyohiyo au 07:00? Majibu yote mawili yanatimiza sheria zote mbili. Darasani kwangu waligombana kipindi kizima, na kengele ikalia wakiwa hawajakubaliana. Mtoto aliyekulia katika saa hii ana mifano ambayo mtu wa Philadelphia, kilipo chuo cha Pierce, hana sababu ya kuiwaza.

Sasa nafasi zenyewe. Marekani mtu anaweza kuingia uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, na katika sayansi ya kompyuta vyuo vikubwa vya utafiti kwa kawaida humlipia ada na kumpa posho, naye afundishe au asaidie utafiti. Uzamili ndio mara nyingi hutoka mfukoni mwa mwanafunzi. Tofauti hii vijana wengi hawaijui. Wanaomba uzamili, wanaona ada, wanafunga kompyuta. Baadhi ya vyuo husamehe hata ada ya maombi ukiandika kuomba. Nchi nyingi za Ulaya nafasi ya uzamivu hutangazwa kama kazi, yenye mkataba na mshahara, ila hudai uzamili kwanza. Chama cha kimataifa cha watu wa kompyuta, ACM, kupitia tawi lake la lugha za programu, kina mpango wa kumuunganisha mwanafunzi wa nchi yoyote na mlezi wa kitaaluma bila malipo, na warsha za wanaoanza zinazosaidia nauli za kwenda kwenye mikutano kama POPL, mkutano wa kila mwaka wa nadharia ya lugha za programu. Makala za mkutano huo za miaka ya karibuni husomwa bure. Coq, ambayo siku hizi inaitwa Rocq, programu ya kukagua uthibitisho wa kihesabu, ni ya bure pia, na mazoezi yake ya mwanzo nimeyafanya kwenye kompyuta mpakato iliyoungwa kwa gundi.

Wala njia ya kutoka kwenye data za Kiafrika hadi uzamivu si ngeni. Mfumo wa DHIS2, ambao vituo vya afya nchini huingizia takwimu zao, huendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo pamoja na washirika, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wapo Watanzania waliopata uzamivu Oslo kwa kazi hiyo. Ninachoomba ni vijana wa kuingia na upande wa nadharia, kule zinakoandikwa sheria ambazo mifumo hiyo inajengwa juu yake.

Mkoa huu usiambiwe kwamba utafiti si wake. Kituo cha Amani, huko Usambara, kilianza mwaka 1902 chini ya Wajerumani, kikiwa na mashamba ya majaribio na maabara. Taaluma ninayoisema haidai shamba wala darubini. Inadai ubao, chaki, na mtu asiyekubali kuambiwa "mtandao ulisumbua". Na sihitaji mia: mkonge ulipoletwa kwetu mwaka 1893, kati ya miche 1,000 iliyotoka Florida ni 62 tu iliyofika hai, nayo ikatosha.

Kwa hiyo, Mhariri, kwenye ukurasa ule naomba sanduku dogo, hata la inchi mbili, mara moja kwa mwezi, la nafasi za utafiti katika lugha za programu na usawazishaji wa data, pamoja na tarehe za mwisho za maombi. Maombi ya uzamivu Marekani mengi hufungwa Desemba, na darasani kwangu habari hizo hufika Februari.

Kikoba kimerudi kwenye daftari. Shangazi amedai aandikiwe ukurasa wake mwenyewe, kwa wino, na ile 10,000 ameiandika juu kabisa ikiwa na alama ya kuuliza.

Mwalimu wa hesabu,
Chumbageni, Tanga